White Stadium, Boston: uwanja wa shule, mpangaji timu ya kulipwa. Kalenda ashike nani?

Mama Mbio (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naona wengi humu mnaifuatilia Boston Legacy, timu mpya ya wanawake kwenye ligi kuu ya Marekani, na mnauzungumzia uwanja wao unaojengwa kana kwamba ni mali ya timu. Uwanja ule ni wa shule. Unaitwa White Stadium, uko ndani ya Franklin Park, na mwenye nao ni jiji la Boston kwa ajili ya wanafunzi wa shule za serikali. Timu ni mpangaji. Watoto wangu wanasoma shule hizo na wanakimbia riadha, kwa hiyo jambo hili nalifuatilia kwa karibu. Nieleze kwanza, halafu niseme msimamo wangu.

George Robert White alitajirika kwa biashara ya sabuni na dawa za ngozi za Cuticura. Alipofariki mwaka 1922 aliliachia jiji mamilioni ya dola kwa sharti la kujenga vitu vya manufaa kwa umma. Mfuko wake ndio uliojenga uwanja huu, ukafunguliwa 1949: majukwaa mawili ya zege yanayotazamana, nafasi ya watu kama 10,000, njia ya kukimbilia ikizunguka eneo la kuchezea. Kwa miaka mingi ndio ulikuwa uwanja wa mashindano ya shule za jiji zima.

Kisha ukachakaa. Jukwaa la mashariki liliungua, likafungwa, likaachwa hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka. Mtoto anakimbia mita 400, akiingia kwenye mnyoosho wa upande ule anapita mbele ya zege lililozungushiwa uzio. Hakuna mzazi pale, hakuna mwalimu, hakuna wa kumwita jina. Anashangiliwa nusu ya mbio tu. Mtu asiyewahi kusimama pale ataona ni jambo dogo, lakini watoto wa shule za Boston, waliozungukwa na vitongoji ambako wenzao wana viwanja vizuri, wanajua maana yake.

Mwaka 2023 jiji la Meya Michelle Wu likatangaza kutafuta mbia. Kundi lililoomba lilikuwa moja, Boston Unity Soccer Partners, linaloongozwa na wanawake, Jennifer Epstein akiwa mbele. Septemba mwaka huohuo ligi ikawapa timu. Mpango ni huu: uwanja unavunjwa na kujengwa upya, jiji linalipia upande wa mashariki, timu inalipia wa magharibi. Ukikamilika utachukua watu takribani 11,000, uwe na njia nane za riadha na nyasi za asili, na chini ya jukwaa la mashariki wanafunzi wapate vyumba vya kubadilishia nguo, mahali pa mazoezi ya viungo na pa kutibiwa wakiumia. Umiliki unabaki kwa jiji. Mkataba wa pango ni wa miaka 10 ya mwanzo, uliosainiwa Desemba 2024, na timu ina mechi 20 tu kwa mwaka.

Sasa gharama. Mwanzo jiji lilisema sehemu yake ni dola milioni 50. Desemba 2024 ikawa milioni 91. Mwanzoni mwa 2026 ikatangazwa milioni 135. Timu kwa upande wake italipa pango la dola 400,000 kwa mwaka, pamoja na dola 500,000 kwa mwaka za mfuko wa jamii, na sehemu ya mauzo ya vyakula na vinywaji.

Msimamo wangu: naunga mkono ukarabati. Lakini nasema wazi kwamba tunabishana sana juu ya pesa na kidogo mno juu ya kalenda. Anayeamua nani yuko uwanjani Jumamosi saa nane mchana ndiye mwenye uwanja kweli, hata hati iwe na jina la nani. Karibuni tujadili.

Wakili wa Magomeni

Mama Mbio, umeeleza vizuri. Naomba niongeze upande wa mahakama kwa sababu kesi hii ina somo kwa miji mingi.

Februari 2024 taasisi inayolinda mnyororo wa bustani za Boston, Emerald Necklace Conservancy, pamoja na wakazi kadhaa, waliishtaki serikali ya jiji na wawekezaji. Hoja yao kubwa ilikuwa Ibara ya 97 ya Katiba ya jimbo la Massachusetts. Ibara hiyo, iliyopitishwa 1972, inasema ardhi ya hifadhi na bustani za umma haibadilishwi matumizi mpaka theluthi mbili za wabunge wa jimbo, katika mabaraza yote mawili, wakubali. Wakasema uwanja uko ndani ya bustani, kwa hiyo kuupangisha kwa kampuni ya soka ni kubadilisha matumizi.

Machi 2024 mahakama ilikataa kutoa zuio la muda. Kesi ikasikilizwa Machi 2025, na tarehe 2 Aprili jaji akaamua kwa upande wa jiji. Kiini cha uamuzi ni kwamba eneo la uwanja kwa miongo mingi limekuwa la shughuli za shule na si bustani kwa maana ya ibara hiyo. Walalamikaji wakakata rufaa.

Angalieni jambo moja hapo. Jiji lilishinda kwa sababu uwanja ni wa SHULE. Hiyo ndiyo ngao yake kisheria. Sasa kama ngao yako ni kwamba pale ni mahali pa wanafunzi, basi huna budi kuhakikisha wanafunzi wanapatumia kweli, tena kwa nafasi ya kwanza. Ushukuru ushindi huo kwa kuwapa watoto saa nzuri, siyo saa zilizobaki.

Jirani wa Dorchester

Dada yangu Mama Mbio, nakuheshimu na najua unawapenda watoto. Mimi pia ni mzazi na pia naishi karibu na bustani ile. Siungi mkono.

Franklin Park ni bustani kubwa kuliko zote Boston, na Frederick Law Olmsted aliichora karne ya 19 ili mtu wa mjini asiye na shamba apate mahali pa kupumua. Wanaoizunguka leo ni Roxbury, Dorchester, Mattapan na Jamaica Plain, weusi wengi, wahamiaji wengi, watu wasio na nyumba ya kupumzikia ufukweni. Jumapili ya kiangazi utakuta familia za Kisomali, za Haiti, za Cape Verde, kila mmoja na jiko lake la nyama. Sasa weka mechi ya watu 11,000. Mabasi ya kuwaleta mashabiki, barabara zinafungwa, kelele, pombe inauzwa ndani ya uwanja wa shule. Miti zaidi ya mia imekatwa. Wanasema watapanda mingi zaidi, lakini mti wa miaka 60 haulingani na mche.

Na hesabu yako mwenyewe inatosha. Pango la laki nne mara miaka 10 ni dola milioni 4. Weka na ule mfuko wa jamii, milioni 5. Jumla 9. Jiji linaweka 135. Watu wetu walipendekeza uwanja wa shule peke yake, mdogo, wa bei nafuu, bila mpangaji. Kwa nini haukupewa uzito unaostahili?

Mkimbiaji wa Iten

Nisameheni nikiingia kando kidogo. Wakenya wenzangu, mnajua Franklin Park ni wapi? Machi 1992 mbio za nyika za dunia zilifanyika kwenye bustani hiyohiyo, kwenye theluji. John Ngugi alishinda taji lake la tano pale. Mataji matano! Kwa wasichana wadogo alishinda Paula Radcliffe, na kwa wanawake Lynn Jennings wa Marekani. Sisi tuliokuwa watoto tulisimuliwa mbio zile na wazee wetu mpaka tukaziona kichwani.

Ndiyo maana habari ya njia nane za riadha kwangu ni kubwa kuliko habari ya soka. Viwanja vingi vya soka vikijengwa upya, kitu cha kwanza kutolewa ni njia ya riadha, kwa sababu mashabiki wanataka kukaa karibu na mchezo na timu inataka viti zaidi. Hapa imebaki kwa sababu mwenye uwanja ni shule. Timu ingekuwa mwenye nao, njia hiyo ingeondoka siku ya kwanza. Mama Mbio, kwa hilo peke yake niko na wewe.

Fundi Nyasi Moro

Wakuu, mimi kazi yangu ni kutunza eneo la kuchezea. Naomba niseme kitu ambacho wanasiasa hawakisemi, maana hili suala la kalenda limefungwa na nyasi.

Nyasi za asili zina kiwango cha kuchezewa, zikizidishiwa zinakufa. Kwanza linaisha eneo la golikipa, halafu duara la kati, halafu ule mstari wa pembeni anapokimbia mshika kibendera. Baada ya kila mechi unaingia na uma, unarudishia vipande vilivyong'oka, unajaza mchanga, unamwagilia, halafu unaziacha zipumzike. Kuziacha ndiko kugumu, maana kila mtu anaona uwanja uko wazi na anataka kuingia.

Huku kwetu ukoka ukipata maji na jua unajirudi baada ya muda mfupi. Boston ni baridi. Vuli ikikolea nyasi zinaacha kukua, kwa hiyo kidonda cha Novemba unakaa nacho mpaka masika. Na mpira wa Kimarekani wa shule unachezwa vuli hiyohiyo: vijana wazito wanasukumana katikati ya uwanja, mchezo baada ya mchezo, mahali palepale. Wanasoka wa ligi nao wanamaliza msimu Novemba. Michezo miwili inataka nyasi zilezile wakati zimechoka.

Kwa hiyo nikisikia uwanja mmoja utawatosha wote, nauliza: nani atazuiwa? Kama haijaandikwa, atazuiwa mnyonge.

Mama Mbio (mleta mada)

Fundi, umegusa penyewe. Hilo lilikuwa lalamiko kubwa hapa: kwamba timu za mpira wa Kimarekani za shule zitapata taabu kucheza pale wakati msimu wa soka la kulipwa unaendelea. Jiji linajibu kwamba zaidi ya asilimia 90 ya muda uwanja utakuwa wa shule na jamii. Hesabu hiyo siikatai. Lakini asilimia haina uzito sawa. Jumanne saa tatu asubuhi ya Februari, theluji imejaa, ni muda. Jumamosi ya Oktoba, wazazi hawako kazini, jua limetoka, huo nao ni muda. Ukizijumlisha pamoja unapata asilimia nzuri, na mtoto bado hana Jumamosi.

Jirani wa Dorchester, kaka yangu, sijakudharau. Hesabu yako ya milioni 9 kwa 135 ni sahihi na nimeipitia mara nyingi. Mtu akitetea mradi huu kwa kusema utaliingizia jiji faida, anapotosha watu. Mimi naukubali kwa sababu nyingine: jiji limekuwa na uwanja huu peke yake, bila mpangaji, tangu 1949, na jukwaa likabaki limeungua. Meya baada ya meya. Uwanja wa shule pekee ni wazo zuri, lakini wazo hilo lilikuwapo miaka yote na hakuna aliyelitekeleza. Mpangaji ameleta shinikizo la tarehe: ligi inataka uwanja, benki inataka ratiba, jiji limelazimika kuamka. Inaniuma kwamba watoto weusi wa Roxbury hawakutosha kuwa sababu mpaka timu ya kulipwa ikaja. Inaniuma sana. Lakini siwezi kuwaambia wanangu wasubiri mpaka jiji liwe na moyo mwingine.

Kuhusu pombe na mabasi, hapo niko upande wako, na tuzidi kubana.

Mswahili wa Seattle

Niwape mfano wa huku kwangu maana tumeshapita njia hiyo. Memorial Stadium ya Seattle ni ya shule za serikali, imefunguliwa 1947, iko chini kabisa ya mnara wa Space Needle. Ina ukuta wenye majina ya wanafunzi wa Seattle waliokufa Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia 2014 timu ya wanawake ya Reign ilicheza pale, Megan Rapinoe akiwemo. Tulikuwa tunaingia kwa bei ya kawaida, watoto wanakaa mstari wa mbele, raha tupu.

Lakini uwanja ulikuwa umezeeka, na 2019 timu ikahamia Tacoma. Shule zikabaki na uwanja wao uleule. Mwaka 2022 wapiga kura wakapitisha kodi ya shule iliyotenga dola milioni 66.5 kwa ajili ya kuujenga upya, na sasa kuna mbia binafsi.

Ninachotaka kusema: timu ya kulipwa inaweza kuondoka. Inauzwa, inapata uwanja mkubwa, inabadili jiji. Shule haihami. Kwa hiyo kila chumba kinachojengwa, muulizeni mchoraji: timu ikiondoka, mwalimu wa michezo atakitumia kwa nini? Kama jibu hakuna, chumba hicho kilipiwe na timu senti ya mwisho.

Wakili wa Magomeni

Hoja ya kuondoka ni nzito. Na Boston Legacy wenyewe wanaonyesha kuwa timu inaweza kuishi kwingine: msimu wao wa kwanza, 2026, wameanzia Gillette Stadium kule Foxborough, na kwa kuwa Gillette ni uwanja wa Kombe la Dunia, mechi nyingine zimepangwa Pawtucket, Rhode Island. White Stadium ni wa 2027. Kwa hiyo mkataba uwe na kifungu cha siku timu itakapoaga: nani anabaki na vifaa, nani anarudisha uwanja katika hali gani, fedha ya dhamana iko wapi.

Binti Pongwe

Wakuu, mimi ni mwalimu wa michezo mkoani Tanga na nimeusoma uzi huu wote. Huku kwetu viwanja vingi vya mikoa ni vya CCM, timu za ligi zinakodi, na Bodi ya Ligi ikivifungia kwa ubovu wa eneo la kuchezea ndipo vinakarabatiwa haraka haraka. Shule zinaingia siku za UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya shule za msingi na za sekondari, na mara nyingine tunaambiwa tusichezee kabisa kwa sababu Jumamosi kuna mechi ya ligi. Tunarudi kwenye vumbi.

Sasa hapa kata yetu kuna kiwanja cha shule, kikubwa, usawa mzuri. Viongozi wa timu ya madaraja ya chini wamekuja na ombi: wao waweke uzio, nyasi, vyoo na vyumba viwili, wakitumie kwa mechi zao za nyumbani. Kamati ya shule inataka maoni yangu kwa maandishi. Niandike nini?

Fundi Nyasi Moro

Mwalimu, andika maji kwanza. Nyasi bila kisima ni hasara. Nani anachimba, nani analipa umeme wa pampu, mabomba ya kumwagilia ni ya nani. Halafu andika jina la cheo cha mtu mwenye ruhusa ya kusema "leo uwanja umefungwa, unapumzika." Mtu huyo awe mwajiriwa wa shule. Akiwa wa timu, uwanja utakuwa unapumzika siku zenu na kuamka siku zao. Na wakatie eneo la pembeni la kufanyia mazoezi ya kila siku, wasifanyie mazoezi kwenye uwanja wa mechi.

Jirani wa Dorchester

Mwalimu, waulize majirani kabla ya kusaini. Siyo baada. Hapa kwetu watu wengi walihisi wameitwa kusikiliza jambo lililokwisha kuamuliwa, na hasira hiyo ndiyo iliyojaza mahakama, ikaingia mpaka kwenye uchaguzi wa meya wa 2025. Josh Kraft aliufanya uwanja huu hoja yake kubwa dhidi ya Wu. Alishindwa vibaya kwenye duru ya mchujo ya Septemba, akajitoa kabla ya duru ya mwisho, lakini mgawanyiko mtaani haujaisha. Kijiji kidogo kikigawanyika vile, kiwanja hakitatosha kukiunganisha.

Mama Mbio (mleta mada)

Mwalimu Binti Pongwe, hongera kwa kuuliza kabla. Mimi ningeandika hivi. Kila Januari shule inajaza kalenda yake kwanza: mashindano ya kata, ya wilaya, UMISSETA, siku za mazoezi, siku ya wazazi. Kalenda hiyo inabandikwa ofisini na nakala inakwenda kwa timu. Timu inachagua katika siku zilizobaki, na idadi ya mechi zake ina kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu. Vyumba vya kubadilishia nguo vya wasichana visiwe na ufunguo wa timu. Hilo usilegeze.

Wakili wa Magomeni

Ongeza kifungu kimoja, mwalimu. Ratiba za ligi hubadilika, hasa mechi zikionyeshwa kwenye televisheni. Jumapili inakuwa Ijumaa, saa kumi inakuwa saa moja usiku. Andika kwamba mechi ikihamishwa na ikaangukia siku ya shule, inayotafuta uwanja mwingine ni timu, kwa gharama yake, na taarifa itolewe siku 14 kabla. Wakikataa kifungu hicho, umeshajua nani atakuwa anashika kalenda.

Binti Pongwe

Nimeandika vyote, na cha maji nimekiweka juu. Kuhusu majirani, kuna bibi mmoja ana shamba la mihogo linalopakana na goli la kaskazini, nitaanza naye kesho. Kamati inakaa Alhamisi. Nitarudi hapa kuwaambia walichosema.